Udhu wa thieta: kinachozuia kidonda cha upasuaji kutunga usaha

Mama mmoja kutoka Kuresoi alikaa nami kwenye benchi la nje ya thieta, hapa Nakuru, akimsubiri mkaza mwanawe aliyekuwa ndani akijifungua kwa upasuaji. Aliisifu hospitali. "Sista, harufu ya JIK nimeipata tangu getini," akasema, "na sakafu inang'aa mpaka mtu anajiona." Kisha, kwa fahari ya mtu aliyetimiza wajibu wake, akanieleza kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amemnyoa mgonjwa chini ya kitovu kwa wembe mpya, ili madaktari wasipate kazi.

Nilimshukuru, maana alifanya kwa mapenzi. Lakini katika yale matatu aliyonitajia, harufu na mng'ao havimkingi mgonjwa kiasi alichodhani, na wembe unamdhuru. Nimekuwa nesi wa thieta kwa miaka mingi, Kisumu kisha Nakuru, na mkanganyiko huu naukuta kwa wagonjwa, kwa jamaa zao, na hata kwa sisi tuliovaa gauni na kofia. Ndiyo sababu naandika.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji mwaka 2016, lilieleza kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 11 kati ya kila 100 wanaopasuliwa hupata maambukizi hayo. Barani Afrika, kina mama wanaopata kidonda kibovu baada ya kujifungua kwa upasuaji wanaweza kufika 20 kati ya 100. Kwangu mimi tarakimu hizo zina sura: mama anayenyonyesha huku anatetemeka kwa homa, anayepanda matatu kutoka Njoro kila baada ya siku mbili kuja kuoshwa kidonda, na mume anayehesabu nauli usiku.

Safi ni daraja la kwanza tu

Nimekulia Bondeni, na majirani zangu Waislamu walikuwa na maneno mawili ambayo yangenisaidia sana darasani kama mwalimu angeyatumia. Kitu kinaweza kuwa safi na kisiwe twahara. Kanzu imefuliwa, imepigwa pasi, inanukia. Ikirukiwa na najisi haiswaliwi mpaka ioshwe, hata kama doa halionekani. Na mtu aliyetia udhu, udhu ukimtenguka anarudi bombani. Habishani na mtu kwamba uso wake bado unang'aa.

Thieta inaendeshwa kwa fikra hiyo hiyo. Kuna madaraja matatu ya usafi, na balaa nyingi huanzia pale watu wanapoyachanganya. La kwanza ni kusafisha: kuondoa damu, vumbi na mafuta kwa maji, sabuni na kusugua. La pili ni kuua vijidudu kwa dawa kama klorini au spiriti. Vingi hufa, lakini vile vyenye ganda gumu, mfano mbegu za bakteria wa pepopunda, vinaweza kubaki. La tatu ni kutakasa, ambapo hakibaki kiumbe hai hata kimoja. Sakafu, kitanda cha upasuaji na taa huishia daraja la pili. Ngozi ya binadamu nayo haiwezi kupita hapo. Kisu, mikasi, koleo, nyuzi, glavu na gauni la mpasuaji ni lazima vifike la tatu. Na hakuna daraja la kurukwa. Mkasi wenye damu iliyokauka kwenye maungio hautakasiki hata ukipikwa kutwa, kwa kuwa mvuke haufiki chini ya ile damu.

Sasa turudi kwenye harufu ya JIK. Harufu inakuambia kwamba klorini imemwagwa. Haikuambii kama ilimwagwa juu ya sakafu iliyooshwa au juu ya damu. Klorini ikikutana na damu au matope nguvu yake humalizikia hapo hapo, na vijidudu vya chini vinabaki salama. Thieta inayonuka klorini kupita kiasi hunitia wasiwasi; mara nyingine ni dalili kwamba mtu ameruka kazi ya sabuni na kitambaa.

Na udhu wa thieta hutenguka kwa urahisi. Muuguzi aliyenawa, akavaa gauni na glavu zilizotakaswa, akipandisha maski yake iliyoteleza kwa ncha ya kidole, basi. Glavu bado ni nyeupe, hakuna aliyeona, lakini kidole kile kimegusa kitu kisichotakaswa. Anatakiwa aseme kwa kinywa chake, "Nimejichafua," abadilishe. Kubadilisha ni jambo la nusu dakika. Kusema ndiko kugumu, hasa aliyejichafua akiwa daktari bingwa na aliyeona akiwa mwanafunzi. Nikiwa mwanafunzi, katika hospitali moja nisiyotaka kuitaja, niliona mkono wa gauni la mpasuaji ukigusa kitako cha taa ambacho hakikuwa kimefunikwa. Nilinyamaza. Ukimya ule bado unanikera, zaidi ya makosa niliyoyafanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Ndiyo maana naupenda ule ukurasa mmoja wa ukaguzi uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Kabla ya ngozi kukatwa, kila aliye chumbani hutaja jina lake na kazi yake. Watu huona ni maigizo. Lakini mwanafunzi aliyetamka jina lake mbele ya bingwa amefungua kinywa mara moja; kukifungua mara ya pili ni rahisi zaidi. Ukurasa ule pia unauliza kama antibiotiki imetolewa ndani ya saa moja iliyopita, na kama alama za utakaso wa vifaa zimeangaliwa. Ulijaribiwa katika miji 8, mmoja wao ukiwa Ifakara, Tanzania. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara mengine kutoka asilimia 11 hadi 7.

Viini vinatoka wapi hasa

Wengi hudhani vijidudu vinakaa "hospitalini", kwenye kuta, vikimsubiri mgonjwa. Vingine ndivyo. Lakini sehemu kubwa mgonjwa huja nayo mwenyewe: kwenye ngozi yake, na ndani ya utumbo na njia ya uzazi. Baada ya hapo tunakuja sisi wahudumu, na mikono, nywele na pua zetu. Takriban watu 3 kati ya 10 wenye afya njema hubeba puani bakteria wa stafilokoka, yule yule anayesababisha majipu na vidonda vya usaha. Hawaumwi, hawajui.

Hapo ndipo wembe unapoingia. Wembe, hata uwe mpya kiasi gani, huacha mikwaruzo midogo ambayo jicho halioni. Ukinyoa jioni, bakteria wa ngozi wana usiku mzima wa kuingia humo na kuzaana. Asubuhi kisu kinapita katikati ya shamba lao. Mwongozo wa 2016 unasema wazi: nywele ziachwe zilivyo, na zikiwa lazima ziondolewe, zikatwe kwa mashine ya kunyolea inayokata bila kukwaruza. Wembe usitumike kabisa, nyumbani wala thieta. Kinachotakiwa nyumbani ni kuoga mwili mzima. Sabuni ya kawaida inatosha.

Katika kuipaka ngozi dawa kabla ya kukata, dawa yenye spiriti pamoja na klorheksidini ndiyo inayopendekezwa. Nitaongeza onyo moja ambalo halihusu viini: spiriti inawaka. Ni lazima ikauke yenyewe, na isituame chini ya mgongo wa mgonjwa wala kwenye shuka, kabla ya mpasuaji kuwasha kile kifaa cha umeme cha kuchoma mishipa ya damu. Wagonjwa wameungua mezani kwa haraka ya dakika mbili tatu.

Mikono

Mwaka 1847, Vienna, daktari Ignaz Semmelweis alifanya kazi katika hospitali yenye wodi mbili za uzazi. Katika ile ya madaktari na wanafunzi wao, kina mama walikufa zaidi kwa homa ya uzazi kuliko katika ile ya wakunga. Tofauti aliyoiona ni kwamba madaktari walitoka kupasua maiti wakaja moja kwa moja kuzalisha. Akaamuru wanawe kwa maji ya chokaa ya klorini. Vifo vilivyokuwa vikizidi 10 kwa kila 100 vikashuka chini ya 2 mwaka uliofuata. Wakubwa wengi wa taaluma hawakumsikiliza, na alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili Agosti 1865. Mwezi ule ule wa Agosti, kule Glasgow, Joseph Lister alimfunga kijana wa miaka 11 aliyevunjwa mguu na mkokoteni kwa kitambaa chenye asidi ya kaboliki. Kidonda kikapona bila usaha.

Glavu zilikuja baadaye, na hazikuja kwa ajili ya mgonjwa. Kuelekea 1890, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, muuguzi Caroline Hampton alikuwa akibabuka mikono kwa dawa kali za kunawia. Mpasuaji William Halsted akaiomba kampuni ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba za mpira. Zilimponya mikono, na baadaye ikaonekana kwamba vidonda vya wagonjwa navyo vinatulia. Nakumbusha kisa hiki kwa sababu wapo wanaodhani ukishavaa glavu kunawa si lazima. Glavu hutoboka, mara nyingi bila anayeivaa kujua, na ndani yake kuna joto na jasho ambamo bakteria huzaana kwa kasi. Tundu moja la sindano linatosha kuufanya mkono usionawiwa vizuri uvujie ndani ya tumbo la mtu.

Kunawa kwa upasuaji si kunawa kwa ugali. Pete, saa na bangili hutolewa. Kucha ziwe fupi, bila rangi na bila za kubandika. Unasugua vidole, viganja, kisha mkono hadi kiwikoni, dakika 2 hadi 5, na wakati wote mikono imeinuliwa juu ya viwiko, ili maji yaliyochafuka yateremke kwenye kiwiko yasirudi vidoleni. Zamani tulisugua ngozi kwa brashi ngumu mpaka ikawa nyekundu, tukiamini kuumia ndiko kutakata. Siku hizi brashi hiyo haipendekezwi, kwa sababu inachubua ngozi, na ngozi iliyochubuka ndiyo inayofuga bakteria.

Ugumu wetu mkubwa, niseme ukweli, ni bomba. Nani aliyefanya kazi thieta upande huu wa Kenya hajawahi kumiminiwa maji kwa jagi na mwenzake kwa sababu mfereji umekauka? Na maji ya jagi yametoka tangi lipi, lilioshwa lini? Kwa hiyo utafiti uliofanyika Kijabe, pale ukingoni mwa Bonde la Ufa, ukachapishwa mwaka 2010, ulikuwa habari njema. Wagonjwa 3,133 walifuatiliwa. Kwa vipindi fulani wapasuaji walinawa kwa sabuni ya kawaida na maji, kwa vipindi vingine wakajipaka sanitaiza ya spiriti. Maambukizi yalikuwa asilimia 8.0 kwa sabuni na 8.3 kwa spiriti. Hakuna tofauti ya maana. Maji yakikatika, basi, mgonjwa hana sababu ya kuhatarishwa, mradi spiriti ipo.

Ina masharti yake. Mikono ioshwe kwa sabuni unapoingia thieta, ikauke kabisa, ndipo upake. Ukipaka juu ya mikono yenye maji unaizimua dawa. Paka ya kutosha ili mikono hadi viwiko ibaki mibichi kwa muda wote ulioandikwa kwenye chupa, kisha iache ikauke yenyewe kabla ya kugusa glavu. Na uchafu unaoonekana haupakwi spiriti, unaoshwa.

Fomula ya Shirika la Afya Duniani ni ethanoli ya asilimia 80, glisirini kidogo kwa ajili ya ngozi, na haidrojeni peroksaidi kidogo ya kuua mbegu za bakteria zilizomo kwenye chupa. Mfamasia wa hospitali anaweza kuichanganya. Ethanoli inatengenezwa Muhoroni kutokana na molasi ya miwa, mwendo mfupi kutoka Kisumu. Eneo lililozungukwa na miwa kukosa spiriti ya kunawia thieta ni jambo linaloniuma.

Maharagwe ya Kuresoi na mashine ya mvuke

Yule mama aliponiuliza kwa nini vifaa visichemshwe tu kwenye sufuria, nilimjibu kwa maharagwe. Yeye anajua kwamba maharagwe yake Kuresoi hukawia kuiva kuliko yakipikwa Kisumu. Kadiri unavyopanda juu hewa inakuwa nyepesi, na maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Kisumu, kwenye mita kama 1,130, maji huchemka karibu na nyuzi 96. Nakuru, kwenye mita kama 1,850, ni karibu nyuzi 94. Hata zile 100 za pwani haziui mbegu za bakteria, sembuse 94.

Otoklevu ni sufuria ya presha iliyokua. Inaubana mvuke hadi joto lifike nyuzi 121, na kulishikilia hapo kwa dakika 30 vifaa vikiwa vimefungwa kwenye kitambaa. Na hata hapa mwinuko una neno. Mshale wa presha husoma tofauti kati ya ndani na nje. Kwa kuwa hewa ya nje huku juu ni nyepesi, ile alama ya pauni 15 za presha iliyoandikwa kwenye kijitabu cha mtengenezaji hapa Nakuru inaleta joto pungufu ya 121. Kanuni ni kuongeza kama nusu pauni kwa kila mita 300: Kisumu karibu pauni 2, Nakuru karibu 3. Mashine kubwa zinazopima joto lenyewe hazina shida hiyo. Shida ni zile ndogo zinazokaa juu ya jiko la gesi katika vituo vidogo, zinazoendeshwa kwa kuangalia mshale tu. Kama unafanya kazi kwenye kituo cha namna hiyo huko Molo au Kuresoi, tafadhali liangalie jambo hili kesho asubuhi.

Kuna utepe unaobandikwa juu ya furushi la vifaa, ambao hupata mistari myeusi ukipita kwenye moto. Wengi huutazama huo, wakaridhika. Mistari ile inathibitisha tu kwamba furushi limeingia kwenye mashine, haisemi kama mvuke ulifika katikati. Kinachosema ni kile kikaratasi cha ndani, na zaidi yake, kipimo chenye mbegu hai za bakteria wagumu zinazowekwa makusudi ili kuona kama zitakufa. Furushi lililojazwa kwa kubanwa kama gunia la viazi halipitishi mvuke. Na furushi likitoka bichi halihesabiwi kuwa limetakaswa, kwa sababu kitambaa chenye unyevu hunyonya vijidudu kutoka nje hadi ndani. Miezi ya mvua ndefu jambo hili hututesa. Haraka ikizidi, mtu hushawishika kulikubali furushi lenye unyevu kidogo. Lirudishwe.

Nataka pia kuligusa lile beseni la klorini ambalo wengi tulifundishwa kuliabudu: sehemu moja ya JIK kwa sita za maji, mikasi iloweke dakika 10, ndipo ioshwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu vifaa hauungi mkono tena kuloweka kabla ya kuosha. Klorini inakula chuma, na damu inaidhoofisha klorini, kwa hiyo aliyeosha baada ya kuloweka huosha kwa kujiamini asikostahili. Vifaa vizuiwe kukauka, kisha vioshwe kwa maji ya sabuni na brashi, maungio yakiwa wazi, brashi ikiwa chini ya maji ili yasiruke usoni. Mwoshaji avae glavu nene, aproni na miwani.

Aliyeshika mopu

Mwoshaji huyo ni nani? Mara nyingi ni kibarua wa kampuni ya usafi, analipwa kwa siku, amefundishwa na aliyemtangulia, ambaye naye alifundishwa na aliyemtangulia. Wapasuaji wamesoma miaka mingi. Yeye, ambaye kazi yake inaamua kama kisu cha mpasuaji ni salama, huenda hajawahi kuelezwa kwa nini mopu ya choo isiingie thieta. Hili kwangu ndilo tundu kubwa zaidi, na kuliziba si ghali.

Mwanamke au mwanamume huyu anahitaji kujua mambo machache kwa kina: kufagia kwa ufagio mkavu kunarusha vumbi, hivyo tunapangusa kwa kitambaa kibichi, tunaanza pasafi kuelekea pachafu, juu kuelekea chini, maji ya ndoo yanabadilishwa kati ya mgonjwa na mgonjwa. Anahitaji chanjo ya homa ya ini aina ya B, dozi zote tatu, sawa na daktari. Na akichomwa na sindano iliyosahauliwa kwenye shuka, anahitaji kujua kwamba dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa mapema iwezekanavyo, na zisipite saa 72, na kwamba hatafukuzwa kazi kwa kusema. Kibarua anayeogopa kufukuzwa huficha. Vivyo hivyo muuguzi mwenye jipu mkononi.

Mengine nitayapitia upesi. Wagonjwa wenye vidonda safi watangulie asubuhi, majipu yafuate mwisho. Mlango wa thieta ukae umefungwa. Kila unapofunguliwa hewa ya korido inaingia na vumbi lake, na aliyeingia "kuchukua chaja" hakuwa na haja ya kuingia. Simu zikae nje. Nywele zilizosukwa zifichwe zote ndani ya kofia. Nguo za thieta zisiende kantini zikarudi. Kisumu, kipoza hewa kikiharibika, kishawishi ni kufungua dirisha au kuwasha feni ya dari. Dirisha huleta nzi na feni hutimua vumbi juu ya tumbo lililo wazi, kwa hiyo fundi wa kipoza hewa ni mtu wa kuzuia maambukizi kama mimi nilivyo. Na ile desturi ya kufukiza thieta kwa fomalini mwisho wa wiki haina nafasi tena. Mvuke wake unachoma macho na mapafu, unahusishwa na saratani, na hauchukui nafasi ya sabuni na kitambaa.

Sindano moja kwa wakati wake

Antibiotiki inastahili maneno yake. Kwa upasuaji unaohitaji kinga hiyo, dawa inatakiwa iwe tayari kwenye damu wakati kisu kinapogusa ngozi. Mwongozo unaruhusu ndani ya dakika 120 kabla, na dawa nyingi tunazotumia hufaa zaidi zikiwa ndani ya saa moja. Ikitolewa mgonjwa akiwa wodini ameshashonwa, imechelewa, viini vimeshakaa. Lakini wodi zetu zimezoea kinyume: sindano asubuhi na jioni kwa siku tano, "kwa usalama". Jamaa nao hudai. Mgonjwa asiyechomwa sindano huona ametelekezwa.

Hospitali ya Thika ilijaribu kugeuza desturi hiyo, na matokeo yakachapishwa 2013: dawa ikapelekwa kabla ya kukatwa, sindano za baada ya upasuaji zikapunguzwa, na vidonda havikuharibika zaidi. Kila dozi isiyo na kazi inawafundisha bakteria wa wodi kuizoea dawa, na siku mtu anapougua kweli, dawa haishiki.

Je, kuyafuata yote haya kunaleta tofauti inayoonekana? Hospitali tano za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe zilijaribu mkusanyiko wa hatua ambazo nimezitaja: kuoga, kuacha wembe, dawa ya ngozi, maandalizi ya mikono, antibiotiki kwa wakati, na nidhamu ya milango na watu ndani ya thieta. Maambukizi yalishuka kutoka asilimia 8.0 hadi 3.8, kwa mujibu wa ripoti ya 2018. Hatua hizo hazikutegemea jengo jipya la thieta.

Hawakuweza kujua hivyo bila kuhesabu, na kuhesabu kunahitaji kumfuata mgonjwa nyumbani. Kidonda cha upasuaji huhesabiwa kuwa kimeambukizwa ikiwa tatizo litatokea ndani ya siku 30, na zaidi kama kuna chuma kilichowekwa mwilini. Mama wa upasuaji huruhusiwa siku ya tatu au ya nne akiwa mzima, kidonda kikaja kuharibika ya nane, akiwa shambani kwao, akatibiwa kwenye zahanati ya jirani. Kwenye daftari la hospitali anabaki kuwa amepona. Kwa hiyo tunampa namba ya wodi, na tunamwambia atakachoangalia: wekundu unaotanuka, joto, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, majimaji yenye harufu, homa, kidonda kuachana.

Mama wa Kuresoi alipiga namba hiyo siku ya nane. Kona moja ya kidonda cha mkaza mwanawe ilikuwa imewiva na inatoa majimaji. Homa hakuwa nayo. Nilimwambia wasipake kitu chochote, si spiriti, si majivu, si dawa ya meno, waje asubuhi. Nyuzi mbili zilifunguliwa, usaha kidogo ukatoka, kidonda kikaoshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, nikaandika jina kwenye safu ya siku 30. Akaniuliza kama ni ule wembe wake. Nilimweleza kwamba kwa mgonjwa mmoja haiwezekani kusema viini vilipitia mlango gani, vyetu au vyake, na kwamba upande wetu nao tungekagua daftari la mashine ya siku ile. Akanyamaza kidogo, kisha akasema binti yake wa mwisho anatarajia kujifungua Desemba, na huenda naye akapasuliwa. Tukakubaliana kwamba ataoga kwa sabuni jioni na asubuhi, na wembe utabaki nyumbani.